Neno Nililoliondoa Katika Barua Yako

Ndugu yangu Filomena,

Kijiji unachoishi sasa sikijui hata kwa jina. Nimeambiwa tu kwamba mtu akishavuka Ruvuma kutokea Kitaya hutembea siku nzima, kisha anauliza. Barua hii ataichukua Bwana Lukasi, yule anayevusha chumvi na nguo, na bahasha haikutiwa gundi. Yeyote itakayempitia mikononi, kama anajua kusoma, na asome. Sababu utaikuta humu ndani.

Nilikuonea wivu, Filomena. Nalisema mapema nisije nikalizunguka, maana unanijua. Nilikuonea wivu tangu wiki ya kwanza uliyolala nyumbani kwetu Rahaleo, hapa Mtwara, na sidhani kama umewahi kujua ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Ulipoletwa ulikuwa rika langu, miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Baba, karani wa bomani, alikuwa ametumwa Kitaya kuandika majina ya watu waliokuwa wakivuka kukimbia vita vya Wareno. Aliondoka na daftari na kalamu mbili, akarudi na wewe. Ulivaa shati la mwanamume lililokufika magotini, na nyayo zako zilikuwa na vidonda vya miba. Baba akatuambia kwamba shangazi yako uliyevuka naye yu mgonjwa na amekubali ukae kwetu mpaka apone. Mama yako alibaki ng'ambo kwa sababu bibi yako hakuweza kutembea, naye hakutaka kumwacha.

"Zuhura," Baba akaniambia, "huyu ni mwenzako. Mtalala kitanda kimoja."

Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Miaka yote nilimwomba Mama aniletee mdogo wangu, lakini nilitaka mchanga, wa kumbeba mgongoni. Sikuomba msichana anayenizidi urefu. Shangazi yako hakupona, Mungu amrehemu, nawe ukabaki.

Kiswahili nilikufundisha mimi. Hilo nalidai, na sitaki mtu aninyang'anye. Ulikuja na Kimakonde chako na maneno machache ya Kireno. Unakumbuka ile mara Mama alipokuuliza, "Umekula?" ukamjibu, "Nilikula"? Mama akaweka mwiko chini. "Ulikula lini, mwanangu? Jana?" Akakupakulia tena, sahani imejaa, nawe ukala yote kwa aibu ya kukataa. Kesho yake nilikukalisha kizingitini nikakueleza: ukisema nimekula, shibe bado iko tumboni, ukisema nilikula, hiyo ni hadithi. Ulisikiliza umefumba macho. Hukukosea tena. Na mimi, badala ya kufurahi, nikaona umenimaliza haraka mno. Nilitamani ukosee angalau mwezi mzima.

Mambo mengine yalikuwa madogo, lakini niliyahesabu. Kila Jumapili Baba alikusindikiza kanisani. Yeye Mwislamu, mtu wa swala tano, alikaa nje juu ya kalvati akisoma gazeti la juzi mpaka misa iishe, ili usirudi peke yako. Mimi chuo cha Kurani nilikwenda peke yangu tangu nina miaka sita. Aliponunua kamusi ya Kiingereza aliandika majina yetu wote wawili ukurasa wa kwanza, la kwako juu, la kwangu chini. Nilipomuuliza alishangaa. "F inatangulia Z," akasema. Nilijua inatangulia. Sikuwa nauliza alfabeti.

Kisha yakaja yale masomo ya alasiri. Baba alikuwa na chaki zake za bomani, na mlango wa stoo ndio ulikuwa ubao. Akishaswali alasiri anaandika sentensi mbili, moja ya wakati uliopita, moja ya wakati timilifu, tuseme ipi inafaa wapi. Kiingereza tulikuwa tunakihitaji shuleni, na walimu walikuwa wakituchapa kwa vitu hivyo viwili kuliko kitu chochote.

Mimi nilidhani ni rahisi. Nilijiambia: -li- ni wakati uliopita, -me- ni "have", basi, kazi imekwisha. Nikaandika "The baby has slept" kwa maana mtoto amelala, na "I have tired" kwa maana nimechoka. Baba akacheka mpaka akashika mlango. Siku nyingine nikaandika "I have seen him yesterday", kwa sababu hapa kwetu tunasema nimemwona jana bila mtu kushtuka. Baba akapiga mstari wa chaki juu yake.

"Kwa nini si sawa?" nikauliza.

Baba akafungua mdomo, lakini ulimtangulia. Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata macho. "Kwa sababu umeitaja siku," ukasema. "Ukishasema jana, jambo umelifungia huko jana. Huwezi kulifungia halafu ukalivuta tena kwa 'have'. 'Have' ni ya jambo ambalo leo bado linakugusa."

Baba akaishusha chaki. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Hebu rudia, Filomena. Zuhura asikie."

Zuhura asikie! Niliyasikia maneno hayo miaka mitatu au minne, karibu kila alasiri. Zuhura asikie, Zuhura aone, mweleze mwenzako. Mimi niliyekufundisha kusema nimekula.

Kitu kimoja tu kilibaki changu, nacho ni mwandiko. Wewe ulianza kushika kalamu ukiwa mkubwa, herufi zako zilikuwa zinaegemeana kama watu waliochoka. Mimi niliandika vizuri. Walimu walinipa niandike majina kwenye vyeti. Kwa hiyo barua zozote za nyumbani zilikuwa hivi: wewe unatunga, mimi ninanakili.

Tulikuwa kidato cha pili Baba alipoleta habari kwamba kuna ofisi Dar es Salaam inayotafuta ndugu za watu waliopotezana vitani. Unawaandikia kwa Kiingereza, unaeleza nani anatafutwa, alikaa wapi, mlionana lini mara ya mwisho. Ulikaa na rasimu ile siku tatu. Uliifuta na kuiandika, ukaifuta tena. Nilikuwa nakuona ukisema sentensi kwa midomo bila sauti. Ulipomaliza ukanikabidhi, ukasema, "Zuhura, iandike kwa ule mwandiko wako. Nataka waone kwamba mama yangu ana watu."

Na Baba, aliyekuwa anavua viatu mlangoni, akasema, "Ikishanakiliwa nipeni kwanza. Nitawaonyesha wenzangu bomani. Waone Kiingereza cha mwanangu."

Cha mwanangu. Alisema hivyo mbele yangu, kiatu kimoja mkononi.

Nilikaa mezani na karatasi nzuri. Sentensi ya nne ya rasimu yako ilikuwa hii: "My mother has lived all her life in our village." Mama yangu amekaa kijijini kwetu maisha yake yote. Niliitazama. Nikafikiria wale makarani wa bomani wakisoma, wakitikisa vichwa, wakimwambia Baba una bahati. Nikataka wakute kosa. Kosa moja tu, dogo, la wakati, lile lile nililokuwa nachekwa nalo mimi. Basi nikaiandika hivi: "My mother lived all her life in our village." Neno moja nikaliacha. Kisha rasimu yako nikaisokota, nikawashia moto wa chai.

Nikuapie kwamba sikujua maana yake? Siwezi kuapa. Siku ile nilifikiria kalamu nyekundu tu. Ninachoweza kusema ni kwamba wewe ungelijua kwa kutazama mara moja, na mimi nilikuwa nimekaa mezani pamoja nawe miaka yote hiyo.

Hukuisoma tena. Uliniamini, ukaweka sahihi chini. Baba akaipeleka bomani, akarudi jioni anatabasamu. Hakuna aliyeona kosa. Namna gani wangeliona? Sentensi haikuwa na kosa. Ilikuwa Kiingereza safi, ila ilisema jambo jingine. Walichokisifu kilikuwa mwandiko. "Wameniuliza nani ameandika hivi," Baba akasema, akanishika bega. Nilikuwa nimengoja kushikwa bega hivyo tangu siku uliyoingia nyumbani.

Majibu yalichukua miezi miwili. Ulifungua bahasha umesimama uani. Nilikuwa nafua. Nilikuona ukisoma, ukarudia kusoma, ukakaa chini pale pale kwenye tope la maji yangu ya sabuni. Barua ilisema wamesikitika kupata habari ya kufariki kwa mama yako, na kwamba jina lako watalitia katika orodha ya watoto yatima.

Baba alidhani wamepata habari kutoka ng'ambo. Wewe pia ulidhani hivyo. "Wana watu wao kule," Baba akasema. "Hawawezi kuandika jambo kama hili bila hakika." Akatandika mikeka. Wamakonde wa mtaa wa nyuma walikuja wakalia kwa Kimakonde, majirani zetu wakaleta wali, padre akasoma misa. Mama alikunyoa nywele yeye mwenyewe, taratibu, akilia kuliko wewe.

Mimi nilijua siku ya pili. Ulikuwa umejilaza mapajani mwa Mama, ukauliza mara kumi, "Wamejuaje? Nani aliwaambia?" Na sentensi ile ikanirudia nzima. Alikaa kijijini kwetu maisha yake yote. Maisha yake yote, yamekwisha. Nani angesoma hivyo akadhani mtu yu hai? Aliyewaambia ni mimi.

Ningesema pale pale. Watu walikuwepo, mikeka ilikuwa imetandikwa, ningeweza kuwaambia wote waamke waende makwao. Sikusema. Na nikueleze aibu kubwa zaidi: nilikaa pembeni ya matanga yale nikiona wivu. Mama yangu alikuwa amekupakata. Alilala nawe juma zima. Niliwaza, angenililia mimi hivyo? Filomena, ulikuwa unamlilia mama aliyezikwa na kalamu yangu, na mimi nilikuwa nakuhusudu kwa kuliwazwa.

Halafu akaja.

Nywele zako zilikuwa bado fupi. Ulikuwa umekwenda bombani, mimi napepeta mpunga barazani, wakati wa adhuhuri. Mwanamke akasimama mbele yangu, mwembamba, ana chale usoni na ndonya, kile kipambo cha mti, kwenye mdomo wa juu, nguo zake zimejaa vumbi la barabara. Alikuwa amevuka Kitaya na kundi la watu, akapanda lori la korosho lililopitia Mpapura likamshusha sokoni, na tangu sokoni alikuwa anauliza nyumba kwa nyumba.

"Hapa ndipo kwa kalani?" akauliza. "Kalani aliyechukua mtoto kule Kitaya?"

Nilijua kabla hajamaliza. Alikuwa na paji lako la uso. Nikaendelea kupepeta. Alikuwa amemzika mama yake, akatembea katikati ya vita, akamtafuta mtoto mmoja katika nchi ambayo lugha yake anaijua kwa maneno machache. Mama yangu mimi alikuwa jikoni, hatua kumi nyuma yangu, mzima, na bado nilikuonea wivu.

Ulitokea kwenye pembe ya nyumba na ndoo kichwani. Ukaitua polepole bila kumwaga tone. Hukupiga kelele. Mama yako ndiye aliyekuja kwako, akakushika kichwa kwa mikono miwili, akapapasa zile nywele fupi, na uso wake ukabadilika.

"Umenyoa," akasema kwa Kimakonde. "Nani amekufa?"

Mama yangu alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kulia. Baba aliporudi kutoka bomani akakuta wanawake watatu wanalia na mimi napepeta mpunga ambao ulikwisha kuwa safi zamani.

Uliwaandikia ofisi ile kuwauliza ni nani aliyewapa habari ya kifo. Safari hii ulinakili mwenyewe, kwa herufi zako zinazoegemeana. Wakajibu kwa upole. Wakasema wewe mwenyewe ndiwe uliyewaandikia hivyo, wakaitaja sentensi yako neno kwa neno, "My mother lived all her life."

Ulinijia na karatasi ile nikiwa nakunja nguo. "Zuhura, ulinakili kama nilivyoandika?"

"Neno kwa neno," nikasema.

"Rasimu iko wapi?"

"Nilichoma. Si ilikwisha kazi?"

Ulisimama ukiitazama karatasi kwa muda mrefu. Sikuona shaka yoyote machoni mwako, na laiti ningeiona. "Basi nilikosea," ukasema. "Nilikosea mimi. Nimemlilia mama yangu akiwa hai, na watu wakala matanga yake, kwa sababu sikuweka 'has'."

Nami nikakwambia, "Kila mtu hukosea." Nilisema kama mtu anayefariji. Moyoni nilisema, sasa umejua kunavyouma.

Tangu siku ile hukunyosha tena mkono darasani. Mwalimu akiuliza swali la wakati timilifu, ulikuwa unaangalia dawati. Baba alipoandika sentensi mlangoni ulisema una kazi ya kumsaidia mama yako kutwanga. Alasiri zikaisha zenyewe, maana Baba hakuwa na hamu ya kunifundisha mimi peke yangu. Kwenye mtihani nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, wewe wa kumi na tisa. Baba alinipongeza. Kisha akauliza, "Filomena ana nini?" Hata siku hiyo.

Kwa mtihani ule nikapata kazi. Sasa napiga chapa katika ofisi ya korosho, na barua za Kiingereza zote hupitia kwangu. Kila nikifika mahali pa kuchagua kati ya ile "have" na wakati uliopita, nasimama, navikwaruza vidole kwenye mashine, na sina wa kumuuliza. Wewe na mama yako mlivuka kurudi kwenu mara tu nchi yenu ilipopata uhuru. Tuliagana kwenye lori. Ulinikumbatia ukasema, "Ahsante kwa Kiswahili." Nikapanda baiskeli nikarudi kazini.

Juma lililopita Bwana Lukasi alileta habari zako. Kijijini kwenu wamefungua shule. Wanacho Kireno, lakini walitaka mtu wa Kiingereza, na watu wote wakakutaja wewe, msichana aliyesoma Mtwara. Mwalimu mkuu akaja mpaka kwenu. Nawe ukakataa. Lukasi anasema ulimwambia hivi: "Kiingereza changu kiliwahi kumuua mtu aliye hai. Siwezi kuwapa watoto wa watu." Sasa unawapikia uji watoto wale, na anayewafundisha Kiingereza ni kijana anayeandika "I have seen him yesterday" ubaoni.

Lukasi aliicheka habari hiyo. Mimi niliondoka nikaenda kwa Baba.

Amezeeka, Filomena, haendi bomani tena. Nilimwambia yote, tangu kiatu mkononi mpaka rasimu jikoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Nilikuwa nasema 'Zuhura asikie'?"

"Ndiyo, Baba."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Akafuta uso kwa kanzu. Nilidhani atanihurumia, na nikiri kwamba nilimngoja anihurumie. Akasema, "Hilo ni langu, nitamwomba radhi mwenyewe. Hili lingine ni lako. Mwandikie. Na usiifunge. Ulimfanya mwongo mbele ya ofisi nzima. Sasa wewe nawe usomwe na kila mtu." Kisha akaingia ndani, na mpaka leo ninapoandika, siku ya tatu, hajazungumza nami zaidi ya kuitikia salamu.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, kwa sababu ukinisamehe haraka nitaona wivu hata kwa hilo, kwamba wewe unaweza na mimi nisingeweza. Nakuomba jambo jingine. Mchukue mtu mwingine anayesoma Kiswahili, awe shahidi wako, nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu, mpeni barua hii. Mwambie utafundisha. Mwambie kwamba sentensi yako ya nne ilikuwa na "has", niliiona kwa macho yangu, imekaa mahali pake, kwa wino wa buluu. Hukukosea. Hukuwahi kukosea hata mara moja. Uliandika kwamba mama yako yu hai, na alikuwa hai.

Wakianza kukuita Mwalimu, Lukasi ataniletea habari hiyo pia. Najijua. Nitaumia siku nzima, na jioni sitaweza kula. Usijali. Ufundishe tu.

Msalimie mama yako, umwambie ni nani aliyemuua.

Ndugu yako, ikiwa neno hilo bado unaniachia,
Zuhura